Miezi Sita Niliyompa Lazaro

Alhamisi, Februari 1976

Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umekaa juu ya mahindi mpaka saa sita, na hata sasa mchana vidole vyangu vina baridi. Nimeketi dirishani na daftari hili, ambalo nimelikwepa kwa wiki tatu.

Leo mtu amenishukuru mbele za watu, nami nikazipokea shukrani zake.

Niandike tangu mwanzo. Nikianzia mwisho nitajihurumia.

Mimi ni mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo ya hapa kwetu, tangu nilipostaafu ualimu. Au nilikuwa. Wengi hudhani mzee wa baraza ni pambo tu la kukaa kando ya hakimu. Sivyo. Tunaketi watatu, hakimu na wazee wawili, na neno la wawili hulishinda neno la mmoja, hata kwenye adhabu. Hakimu akitaka mtu arudi nyumbani kwake na wazee wawili wakasema jela, basi ni jela.

Jumapili moja, zaidi ya wiki tatu zilizopita, kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu, ng'ambo ya bonde. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa mwingi. Tulianza na ule mtamu wa asubuhi, tukamalizia na ule uliolala, mkali. Nilirudishwa nyumbani kwa kushikwa mkono. Jumatatu asubuhi mke wangu, Mama Neema, alinitazama nikitafuta viatu, akaniambia nipeleke taarifa kuwa naumwa. Nikamjibu kwamba mahakama haingoji mtu. Nilijiona mtu wa wajibu.

Kesi ilikuwa ya Lazaro. Ni mkulima kama sisi wote, hajawahi kufikishwa popote. Tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka juzi nyumba zimebanana na mashamba yamepakana, na mbuzi wa huyu anaamkia kwenye mahindi ya yule. Mbuzi wa jirani yake, Gaspari, waliingia kwa Lazaro mara tatu. Mara ya tatu Lazaro alimpiga Gaspari kwa mpini wa jembe, mkono ukavunjika.

Hakukana. Aliposomewa shtaka alisema, "Ni kweli, nilimpiga." Kwa hiyo hatukuwa na haja ya mashahidi. Kilichobaki ni yeye kujieleza, na Gaspari kusikilizwa, ili tujue adhabu gani inamfaa.

Hapo ndipo nilipolala.

Nimetafuta neno lingine. Nilipitiwa. Nilifumba macho kidogo. Hapana, nililala. Jua lilikuwa limeanza kupiga bati, hakimu ameinama akiandika kila neno kwa mkono wake kama kawaida, mwenzangu Mzee Lukasi anamtazama mshtakiwa, na mimi nimelala nimekaa wima, mikono juu ya fimbo yangu. Nimewachapa watoto kwa miaka ishirini na sita kwa kusinzia darasani.

Nilizinduka watu waliposimama. Hakimu alikuwa anaingia chumbani kwake nasi tumfuate.

Hakimu wetu ni kijana wa Tanga. Mpole, hajazoea baridi yetu, anavaa koti hata mchana. Kila mara kabla ya kutuuliza maoni hutueleza maneno yale yale. "Wazee wangu, tusianze na gereza. Kwanza tuulizane kama iko adhabu ndogo itakayotosha. Tukiikosa ndipo tuje gerezani, na tukifika huko tutafute muda mfupi kabisa unaofaa." Kisha anapima. Upande huu jeraha lilivyokuwa, na silaha iliyotumika. Upande ule mtu kukiri mapema, kosa kuwa la kwanza, na yale aliyoyafanya baada ya kosa. Husema vipimo hivyo tumeviokota kwenye sheria za Waingereza, ila babu zetu nao wangevielewa.

Siku ile akaongeza, "Na hayo ya baada ya kosa mmeyasikia wenyewe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Yeye alitaka Lazaro aachiwe kwa sharti la kutotenda kosa lingine mwaka mzima, na amlipe Gaspari fidia. Mzee Lukasi akakataa. "Serikali imetuweka pamoja," alisema. "Tukimwacha huyu aende zake, kesho kila mtu atatatua mambo ya mipaka kwa mpini. Miezi sita." Simlaumu Lukasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaamua alivyoamua.

Wakanigeukia mimi.

Maandishi ya hakimu yalikuwa pale mezani. Ningeweza kusema, mheshimiwa, nisomee tena alichosema. Asingeuliza kwa nini. Wazee husahau, wazee masikio hupungua. Lakini niliogopa wajue. Halafu nikawaza jambo ambalo hata sasa linanichoma nikiliandika: anayesema kwa ukali huonekana kama aliyesikiliza. Anayetaka huruma lazima atoe sababu, na mimi sikuwa na sababu hata moja.

"Nami nasema miezi sita," nikasema. "Iwe fundisho."

Hakimu alinitazama kidogo, kisha akaandika.

Lazaro alipewa miezi sita. Hakulia wala hakubisha. Mkewe, Stefania, alisimama na mtoto mgongoni, akawa anamkunjia mumewe koti ambalo askari hakumruhusu kulichukua.

Nilikutana na Gaspari njiani nikirudi. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kanga ya mkewe. Nilitegemea kumwona ameridhika.

"Kamwene, Mwalimu," alinisalimu. Nikaitikia. Akatembea kando yangu hatua kadhaa, kisha akauliza, "Sasa shamba langu nani atalipalilia?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Si umemsikia? Lazaro ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli akanisukuma mpaka hospitali ya masista, siku ile ile. Na tangu siku hiyo yeye ndiye anapalilia kwangu asubuhi, halafu ndipo anakwenda kwake. Nami nilisimama mbele yenu nikasema nimeshamsamehe, tumeshapatanishwa na wachungaji." Alinitazama kama mtu anayesubiri kuelezwa hesabu ngumu. "Labda sheria ina mambo yake. Mimi sikusoma."

Nilimwambia sheria ina mambo yake.

Ndiyo. Hilo nalo nilisema.

Siku mbili sikula vizuri. Mama Neema alidhani ni ulanzi bado. Jumatano Stefania akaja. Alipiga magoti kidogo kunisalimu, akatoa karatasi mbili za mistari alizokuwa amezikunja ndani ya kitambaa. Aliambiwa kuna siku thelathini za kukata rufaa. Yeye hajui kuandika. Akaja kwa mwalimu.

Nilichukua kalamu. Niliandika jina la mumewe, nikaandika kosa, nikaandika adhabu. Nilipofika mahali pa sababu za rufaa mkono ukakataa. Sababu ya rufaa ilikuwa imekaa kwenye kiti imeshika kalamu.

"Mama," nilimwambia, "siku ile mumeo alipokuwa anajieleza, mimi nilikuwa nimelala. Sikusikia neno. Nikasema miezi sita."

Alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile.

"Nilikuona umefumba macho," akasema mwishowe. "Nikamnong'oneza mama mkwe, tazama Mwalimu anavyosikiliza kwa makini."

Sijawahi kupigwa kofi la namna hiyo.

"Basi andika," akasema. "Na hilo liandike."

Nililiandika. Kisha, kabla moyo haujarudi nyuma, nilikwenda kwa hakimu siku hiyo hiyo. Alikuwa anakunywa chai peke yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa Lazaro.

"Mzee wangu," alisema, "kura yako ndiyo iliyomfunga. Lukasi alisema jela, mimi nikasema hapana. Wewe ndiye uliyeamua."

"Najua."

"Itabidi niandike, na jalada liende kwa hakimu wa wilaya Iringa alipitie. Habari yako itasomwa huko. Na sidhani kama utaketi tena hapa."

"Andika," nikamwambia.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alifuta meza, akachukua wino, akaniuliza jina langu kamili kama anayemuuliza mtu mgeni.

Jalada lilikwenda. Hakimu wa wilaya alisoma maelezo ya Lazaro na ya Gaspari, akaiondoa ile miezi sita na kuweka lile sharti la mwaka mmoja ambalo kijana wa Tanga alilitaka tangu mwanzo. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wazee. Hayo yote ni haki. Lakini yalichukua siku ishirini na nne, na siku hizo Lazaro alizikaa. Hakuna hakimu wa kuzirudisha.

Leo asubuhi nilikwenda Iringa na Stefania kumpokea. Alitoka amenyolewa kichwa, shati limekuwa pana. Alimchukua mtoto kwanza. Mtoto akamkataa, akalia, akajificha kwa mama yake, na Lazaro akacheka kicheko kifupi kisichofika popote. Ndani ya basi alikaa dirishani akitazama mashamba ya watu.

Tuliposhuka, watu walikuwepo kituoni, kina mama wa nyanya, vijana, baadhi ya ndugu zake. Lazaro akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Huyu ndiye aliyenitoa," aliwaambia. "Stefania amenieleza, barua aliiandika Mwalimu. Mungu akubariki sana, Mwalimu wetu."

Watu wakaitikia. Mama mmoja akanipa nyanya nne.

Nilimtazama Stefania. Kumbe alimwambia habari ya barua tu. Hakumwambia lile jingine. Naye alikuwa ananitazama, hana hasira, hana huruma, ananingoja tu.

Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

Nikaondoka na nyanya zangu.

Basi ndiyo maana nimelifungua daftari. Nilidhani nikishakiri kwa hakimu aibu imekwisha, kama deni. Lakini nilikiri kwa mtu wa ofisi, na kwa mke wa Lazaro. Aliyefungwa sikumwambia. Na alipokuja mwenyewe na mikono miwili, nilichukua shukrani kwa ajili ya kuziba shimo nililolichimba mimi.

Naweka kalamu chini. Nakwenda kwake.

*

Saa kumi na moja. Nimerudi. Viatu vimejaa matope, niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Nilimkuta Lazaro kwenye mpaka wa shamba anajenga ugo wa kuzuia mbuzi. Gaspari alikuwepo, amemshikia mti kwa mkono wake mmoja mzima. Niliona nimwite Lazaro pembeni, kisha nikaona hiyo pembeni ndiyo ugonjwa wangu. Nikasema pale pale, wote wawili wakisikia. Nilimweleza ulanzi, usingizi, na jinsi nilivyosema iwe fundisho nikiwa sijui hata kosa lake limefuatiwa na nini.

Gaspari aliuachia mti, ukalala upande. Hakuuinua.

Lazaro alikaa juu ya rundo la miti. Alipapasa kichwa chake kilichonyolewa, mbele mpaka nyuma. Nilingoja anitukane, maana ningejua la kufanya na tusi.

"Kule ndani," alisema taratibu, "nilikuwa nawaza kila siku, ni neno gani nililisema vibaya. Nililirudia lile nililowaambia. Nikasema labda ningemtaja mama yangu kwanza. Labda nisingetaja mbuzi. Siku zote hizo natafuta kosa kwenye maneno yangu."

"Hayakuwa na kosa," nikamwambia.

"Hukuyasikia. Utajuaje?"

Nilimwomba anisamehe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaniuliza swali, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Miezi sita uliitoa usingizini, hilo nimelielewa. Sasa niambie, Mwalimu. Ungekuwa macho, ungesemaje?"

Nilifungua kinywa niseme, ningekuachia. Ni jibu ambalo yeyote angelitoa pale. Lakini nilikuwa nimeshachoka kusema maneno kwa sababu yanaonekana vizuri. Nikamwambia, "Sijui."

Alitikisa kichwa polepole. "Ukijua, njoo uniambie." Akainuka, akauinua mti, akamkabidhi Gaspari, wakaendelea na ugo. Nilisimama kidogo, kisha nikaondoka, hakuna aliyeniita.

Nimeketi hapa tangu niliporudi nikijaribu kuwakumbuka wale wengine. Miaka minne ya kuketi barazani. Nakumbuka sura zao. Yule wa debe la mahindi, yule mama wa pombe, yule kijana wa ng'ombe wa mjomba wake. Nakumbuka hata miezi tuliyowapa. Hao niliwahukumu nikiwa macho, sikunywa chochote, nimekaa wima na fimbo yangu.

Sikumbuki hata mmoja wao alisema nini alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu.

Lazaro anangoja jibu lake. Kukipambazuka nitakwenda kushika ule upande wa mti ambao mkono wa Gaspari hauwezi, kama wataniruhusu. Na nikiulizwa tena, nitajibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa mtu wa miezi sita siku zote.