Fundi Masafa na Pacha Aliyebaki

Mwaka umetimia, Baba, tangu ilipolia simu kutoka kiwandani kwako, na hadi leo simu yoyote ikilia mchana tunatazamana kwanza.

Mama ndiye aliyepokea. "Umekosea namba," alimwambia mwenzako wa meza ya pili. "Mume wangu nimeongea naye asubuhi hii, anataka nimtafutie soksi zake za kijivu."

 Yule bwana akasema, "Shemeji, kaa chini kwanza."

Mama hakukaa. Alikata simu, akaendelea kutafuta soksi.

Walisema moyo wako ulisimama ghafla. Wewe ulikuwa umeinamia mashine yako, na kwa kuwa ukirekebisha masafa hukuwa msemaji, hakuna aliyeshangaa ukimya wako mpaka chai ilipopoa.

Ulikuwa mtu wa masihara. Ukiulizwa kazi, ulijibu, "Napuliza fedha," hata jirani mgeni akaanza kukuita tajiri. Kumbe ni vijiwe vyembamba kama ukucha, vile vinavyotetemeka ndani ya saa na redio. Kijiwe kikitetemeka mbio kupita masafa yake, ulikipulizia madini ya fedha, tabaka jembamba kuliko moshi, kiwe kizito kipunguze kasi. Ukizidisha, unaanza kukwangua. "Polepole," ulituambia hata tukimenya viazi, "ukipitiliza, kurudi ni kazi."

Baba Mdogo, pacha wako, ndiye aliyekwenda kiwandani kesho yake, kabla ya mazishi, kuchukua koti lako. Hakuwa amewahi kufika pale, wala wao hawakujua kuwa mlizaliwa wawili. Alipofungua mlango, mama wa chai aliachia birika. Msimamizi akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwenzako wa meza ya pili, yule yule aliyekubeba siku ile, alimwendea taratibu akamshika uso kwa mikono miwili.

"Mzee, si nilikubeba ukiwa umekufa," alisema, akaangua kilio.

 Baba Mdogo alikaa kwenye kiti chako mpaka yule bwana akatulia.

Jioni ile ile alinyoa ndevu zote, zile mlizofuga pamoja tangu ujana, asije akamshtua mtu tena, hasa Mama. Akawa akija kwetu kofia imeshuka machoni, anasalimia akiwa mlangoni na kuondoka. Mama alimvumilia miezi kadhaa. Siku moja akamwita sebuleni, akamvua kofia.

"Shemeji, unamficha nani?"

"Sitaki nikuumize."

"Nimeshaumia. Fuga ndevu."

Zimeota, Baba. Mara ya kwanza Mama alipomwona nazo alishika ukuta, na sisi sote tukasahau tulichokuwa tunasema. Zimetoka na mvi ambazo wewe hukuzifikia. Sasa tunajua ungekuwa mzee wa namna gani.

Unakumbukwa na mkeo, pacha wako, binti zako wawili na mwanao wa kiume, wakwe zako, wajukuu, pamoja na yule aliyezaliwa baada ya wewe kuondoka, na wenzako wote wa chumba cha masafa.

Mioyoni mwetu hutoki, leo na siku zote.