Siku Elieza Aliposema "Okay"

Shume, Lushoto

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Shikamoo yako imenifikia pamoja na picha. Huku ukungu haujaondoka wiki nzima, bibi yako anakohoa kidogo, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza, bosi wako huko Uingereza akikupa kazi, umjibu "okay", "sure" au "of course". Kiingereza changu mimi ni cha msituni. Ujanani nilikata miti hapa Shume na rafiki yangu Elieza, tukivuta msumeno mmoja, yeye upande huu, mimi ule. Siku moja mti ulianza kulia, kama unaopasuka kwa ndani, kabla hatujafika katikati. Msimamizi akapiga kelele tuendelee. Elieza akajibu, "Okay!" kwa sauti nzuri kabisa. Nikavuta, kisha nikamwachia naye avute. Msumeno haukwenda. Hapo nikajua hajakubali. Tukakimbia wote wawili, na mti ukaja kulala pale pale tulipokuwa tumesimama.

Elieza hayupo tena, lakini mikono yangu bado inamkumbuka.

Kwa bosi, "sure" inatosha. "Of course" mwekee mtu ambaye huhitaji hata kufikiri kabla ya kumkubalia. Juzi kwenye simu nilikuuliza kama utakuja Krismasi, ukasema, "Of course, Babu." Bibi yako ameshafua mashuka ya kitanda chako. Nami nimeshika upande wangu wa msumeno, mama, nangoja uvute.

Babu yako