Bwana Kaketi wa Jomvu Kuu

Changamwe, 16 Juni 1946

Mama yangu Kache,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima wa miguu na wa macho. Mimi mzima, ila bega. Kazi yetu ni kung'oa mataruma mabovu ya reli na kutia mapya, na taruma la chuma halijui kuwa bega lina mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa nimeamua kurudi Ganze. Sikukuambia.

Sasa nikueleze kilichonizuia. Jumapili moja alasiri nilikwenda Jomvu Kuu kutafuta samaki. Nikapita nyumba ambayo bibi mmoja mtu mzima alikuwa amekaa upenuni na birika lake. Nikamsalimu. Akaitika, akasema, "Karibu chai." Nikavua viatu, nikaketi mkekani. Alinitazama kidogo, akaingia ndani, akakawia, akatoka na kikombe cha pili. Ilikuwa chai ya tangawizi na iliki, na muhogo wa nazi. Mama, tangu nitoke kwetu hakuna aliyeniuliza jina la baba yangu isipokuwa karani. Yeye aliniuliza, na lako pia.

Anaitwa Bibi Mwanakheri, ni mjane. Sasa naenda kila Jumapili. Wapitao wakiniona nimeketi, nao huketi: Mwidani muuza samaki, na Dorcas ambaye mumewe ni mlinzi wa stesheni. Mkeka umeongezwa mwingine. Nashukuru mno.

Mwanao,
Lewa

Ganze, 14 Julai 1946

Mwanangu Lewa,

Marahaba. Anayeandika ni Mwalimu Gershom, maneno ni yangu. Akiongeza lake nitamjua. Macho yangu mazima, goti la kushoto ndilo lenye malalamiko. Habari ya bega lako imenikosesha usingizi, na ya chai imenirudishia.

Nimefurahi jina langu kutajwa kwenye mkeka wa watu. Lakini ulikwenda na nini mkononi? Nimempa mtu wa lori korosho za kukaanga, nusu zako, nusu za Bibi Mwanakheri. Usizile zote. Mwambie namshukuru.

Mimi hapa bado nachemsha sufuria nzima ya chai kama baba yako yupo, kisha namwaga. Ukichoka, rudi. Mlango upo.

Mamako

Changamwe, 25 Agosti 1946

Mama,

Shikamoo. Naona haya hata kukuuliza goti. Korosho zilifika, za Bibi bado ninazo.

Katika genge letu la reli yuko Mwarandu, aliyekulia hapa. Aliponisikia nikisimulia ile siku ya kwanza alicheka mpaka mtaimbo ukamponyoka. Akanieleza kwamba mtu wa hapa akiwa na chakula mbele yake humkaribisha kila apitaye. Ni adabu tu. Mpita njia naye hujibu "starehe," akaenda zake. Haketi mtu. Kwetu ukikaribishwa usiketi, umetukana, ningejuaje? Sasa genge zima laniita Bwana Kaketi. Jana walinikaribisha ugali wote kwa pamoja, kisha wakanijibia wenyewe, "Starehe!"

Nimekumbuka Bibi alivyonitazama siku ile. Nimekunywa chai ya mjane miezi yote hii, na sukari yenyewe ya kupangiwa foleni, kwa neno ambalo halikuwa langu. Sijapita tena njia ile. Mwezi wa kumi ukiisha narudi nyumbani.

Mwanao,
Lewa

Ganze, 15 Septemba 1946

Mwanangu,

Marahaba. Gershom alicheka, nikamwambia aandike asicheke.

Nakutaka nyumbani kuliko unavyojua. Lakini usije kwa kujificha. Uliingia kwa mlango, toka kwa mlango. Kuku akinywa maji huinua kichwa kushukuru, nawe una kichwa kikubwa kuliko kuku. Mpelekee korosho zake, umwombe radhi, umuage. Na kama neno lake lilikuwa la njiani tu, alisema hivyo yeye mwenyewe? Nasikia amesema Mwarandu.

Mamako

Changamwe, 13 Oktoba 1946

Mama,

Shikamoo, na goti lishikamoo pia. Nimekwenda leo.

Nilipanga nisimame njiani, nitoe korosho, niombe radhi, niondoke. Mwidani alikuwapo, Dorcas alikuwapo. Bibi akaniona, akasema, "Karibu chai." Nikajibu kama nilivyofunzwa: "Starehe, mama."

Akaweka birika chini. "Nani kakufunza neno hilo?"

Nikamweleza yote, hata Bwana Kaketi. Mwidani akageuza uso acheke. Bibi hakucheka.

"Ni kweli," akasema. "Siku ile sikukualika. Nilisema kama watu wasemavyo. Tangu azikwe mume wangu nakaa hapa kila alasiri, nasema karibu, nao wanajibu starehe, wote na adabu zao. Ulipoketi nilikwenda kutafuta kikombe cha pili, nikakikuta kina utando wa buibui. Wallahi, mwanangu, adabu ilikuwa karibu kuniua. Keti."

Nikaketi. Mwidani akasema, "Bwana Kaketi kaketi," ndipo Bibi akacheka mpaka akajifuta macho. Korosho ziliisha kabla ya birika.

Bega bado linauma, lakini sirudi sasa, mama. Unisamehe. Bibi anakushukuru kwa korosho, na anasema Kache ana karibu yake huku, wala si ya njiani.

Mwanao,
Lewa

Ganze, 10 Novemba 1946

Mwanangu,

Marahaba. Nimesamehe. Barua yako nimesomewa mpaka Gershom amekauka koo.

Juzi nilikaa mlangoni na sufuria yangu. Pascalia, yule jirani wa ng'ambo ya shamba, alipita, nikamkaribisha, akasema ana haraka. Nikamwambia haraka yake nayo iketi. Alikunywa vikombe viwili, na jana akaja mwenyewe na mihogo. Gershom naye anakunywa wakati huu; doa unaloliona hapa pembeni ni lake. Simwagi tena.

Korosho zikishavunwa nitapanda lori nije nilione hilo bega. Mwambie Bibi Mwanakheri asiniandalie kitu. Akae upenuni na birika lake kama siku ile, nami nitapita njiani kama mtu yeyote. Aseme karibu tu. Adabu za huko sizijui, nitaketi.

Mamako