Chumba cha Mwisho Koridoni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Likizo imeanza. Niko kwa Shangazi Judith, Kabasa, kwenye kochi langu. Nasema langu, lakini mchana ni la kila mtu. Wageni wa Shangazi hulikalia, hunywa soda, hucheka, na mimi hungoja waondoke ndipo nitandike shuka. Shuleni nina kitanda cha juu kwenye bweni la wasichana arobaini. Tangu Mama afariki nikiwa darasa la sita, sijawa na mlango. Hakuna anayebisha hodi kwenye kochi.

Lakini kuna habari! Nyumba ya Baba kule Nyasura imekwisha vigae na dari. Sasa inapambwa ndani, na anakuja mpambaji kutoka Musoma. Baba amehamishiwa huku kutoka Dodoma. Atafika mwanzoni mwa Julai na Mama Kulwa, mkewe, pamoja na mapacha wao, Kulwa na Dotto. Amesema mimi nishike funguo na kuwafungulia mafundi, maana Shangazi hawezi kuacha duka lake la vitenge. Alimpigia Shangazi. Si mimi.

Vyumba vya kulala ni vinne. Kimoja cha Baba na Mama Kulwa. Kimoja cha mapacha. Kimoja Baba anataka kiwe ofisi. Cha nne kiko mwisho wa koridoo, na kwenye ramani kimeandikwa namba tu.

Nilimwuliza Shangazi: cha nne ni cha nani? Akacheka. "Kaka yangu alikuwaga hivyo tangu utoto. Neno analiweka mdomoni mpaka liive."

Jumatano, 11 Juni

Nyumba tupu inarudisha sauti. Nimesema "Sabina" sebuleni, nikajibiwa "bina". Nimesema kwenye kila chumba. Cha mwisho ndicho kinachojibu vizuri zaidi. Dirisha lake linatazama mlima. Asubuhi jua huingia, hufika katikati ya sakafu, hukaa hapo kama limealikwa.

Nimekula mkate na chai ya chupa nimekaa sakafuni. Mzee Leonardi, fundi rangi, amenikuta. "Binti, unaongea na nani humu?" Nimesema nasoma. Uongo mdogo.

Alhamisi, 12 Juni

Dada Petronila, mpambaji, amekuja! Viatu vya raba, futi ya chuma kiunoni, na ubao uliobandikwa vipande vya kitambaa, vigae na mbao. Hakuzungumza kwanza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya sebule, robo saa nzima, akitazama mwanga unavyotembea.

Baadaye akaniambia: "Mdogo wangu, watu wenye uwezo wananunua kila kitu viwili viwili. Makochi mawili, taa mbili, vasi mbili. Wanadhani huo ndio uwiano. Huo ni upacha." Akaweka ndoo kubwa upande mmoja wa dirisha, na upande wa pili makopo matatu ya rangi. "Sasa tazama. Havifanani, lakini hakuna upande unaolala." Kweli! Chumba kilitulia. Sijui nisemeje — kilitulia.

Tena: rangi moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu ionekane kidogo tu, kama chumvi. Pazia lianzie juu karibu na dari ili dirisha lirefuke. Zulia liingie chini ya miguu ya kochi, lisielee peke yake katikati. Na nafasi iliyo wazi si umaskini, ni pumzi.

Nimeandika yote nyuma ya daftari la Jiografia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefanya kitu.

Dada Petronila alikuwa anapeleka vipimo kwa seremala wake Musoma, mchana huohuo. Tulipita chumba kwa chumba. Tukafika cha mwisho. Akasimama mlangoni, akauliza, "Cha nani hiki?"

Nikasema sijui.

"Basi siwezi kukigusa. Nikijua anayelala, najua kitanda. Wageni nawawekea tano kwa sita na kabati. Anayesoma namwekea tatu na nusu, abaki na ukuta wa meza. Chumba kisicho na mwenyewe hakitulii hata ukikipaka dhahabu. Mpigie baba yako."

Nilipiga. Haikupokelewa. Nikatuma ujumbe. Ukaja mmoja: Niko kikaoni. Dada Petronila akatazama saa. Seremala alikuwa anangoja.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba amejibu. Amesema ni changu."

Akatabasamu mpaka nikaona pengo lake la jino. "Si ungesema tangu mwanzo! Haya, mwenye chumba, unalalia upande gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema kushoto. Nikasema nataka meza dirishani. Nikasema mengi sana.

Jumanne, 17 Juni

Nimedanganya kwa jina la Baba. Leo nimempigia ili niseme ukweli. Amepokea! Nikamwuliza kuhusu vigae vya jikoni. Amesema vizuri, vizuri, asante mama, tutaongea. Ilikuwa dakika moja na sekunde chache.

Ijumaa, 20 Juni

Musoma na Dada Petronila. Kwa seremala nimekiona kitanda changu bado ni mbao, kimeegemezwa ukutani pamoja na viti vya watu wengine. Harufu ya mninga! Nimekigusa nikaondoa mkono haraka. Niliona kama kinajua.

Kisha vitambaa. Nimechagua kijivu chenye bluu kidogo, kama tumbo la samaki ningu akitolewa majini. Mwenye duka alitaka tuchukue waridi. "Wasichana wote wanapenda waridi." Dada Petronila akamjibu, "Huyu si wote."

Tulikula sato karibu na ziwa. Akasema sebule imekosa kitu kimoja, mahali pa jicho kutua. Hataki picha za twiga za kununua. Anataka kitu cha huku kwetu Mara. Nikasema bibi yangu Butiama ana vibuyu vya maziwa, vya zamani, vyeusi kwa moshi. Akapiga meza kwa kiganja. "Viwili vitatu tu, mdogo wangu! Vya urefu tofauti!"

Nikafurahi kwamba nina kitu cha kuleta.

Jumapili, 22 Juni

Butiama, kwa Bibi Marieta, mama yake Mama. Nilibisha hodi mara mbili, kimya, nikageuka kuondoka. Sauti ikatoka nyuma ya zizi: "Mwalimu gani huyo anayekufundisha kuhesabu mpaka mbili? Hodi ni tatu! Ya tatu ikikosa jibu, ndipo uondoke."

Nilimweleza kuhusu vibuyu. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Vitundikwe ukutani? Bila maziwa? Kesho watatundika sufuria na mwiko." Lakini alinipa viwili vya sebuleni, vyenye nyufa, ambavyo alisema vimestaafu.

Kisha akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Akatoka na cha tatu, kidogo, chenye mkanda wa ngozi ya ndama.

"Hiki cha mama yako. Mkanda huu baba yako aliushona mwenyewe, hapo ulipokaa, na sindano ikamchoma mara nne. Hiki si cha sebule. Kikae unapolala wewe."

Nikakipokea kwa mikono miwili.

"Una pa kulala kwenye hiyo nyumba?"

Nikasema ndiyo, Bibi. Akanitazama. Bibi haoni vizuri, lakini alinitazama.

"Haya. Na usipokuwa napo, nirudishie. Kwangu kina msumari wake."

Jumatatu, 30 Juni

Siku hizi sijaandika. Vitu vimefika. Makochi, zulia, taa. Sauti yangu imekwisha sebuleni! Nimesema "Sabina", hakuna kilichojibu. Dada Petronila anasema vitambaa hula sauti. Ni vizuri, ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa. Lakini nilikuwa nimezoea kujibiwa.

Chumba cha mwisho kimekamilika leo. Kitanda upande wa kushoto. Meza ya mninga chini ya dirisha. Pazia limeanzia juu, linashuka moja kwa moja, halina maua. Ukuta mweupe wa maziwa. Upande mmoja kitanda, kizito. Upande wa pili rafu nyembamba, vitabu vyangu saba, na kibuyu cha Mama peke yake juu yao. Havifanani, lakini hakuna upande unaolala.

Dada Petronila amepiga picha. Akaniambia, "Hiki ndicho chumba bora kuliko vyote nilivyofanya humu, na nusu yake umefanya wewe. Ukimaliza shule unitafute."

Nililia bafuni. Si kwa furaha tu.

Bado sijalala humo. Kila saa kumi na moja jioni nafunga mlango, narudi Kabasa kwenye kochi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepiga mara tatu. Nimeandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nimeandika mfupi: Baba, kuna kitu nataka kukuambia kabla hujafika. Ameusoma. Amejibu: Sawa mama, tutaongea.

Jumamosi, 5 Julai

Wamefika saa sita. Kulwa na Dotto wakakimbia vyumba vyote na viatu, wakarukaruka kwenye zulia. Dotto akanishika kidole bila kuniuliza mimi ni nani. Ana miaka minne. Mara ya mwisho kuniona alikuwa hajui kusema.

Mama Kulwa alikuwa anafungua kila mlango na kusema jamani, jamani. Si mtu mbaya. Alimkumbatia Dada Petronila. Alivigusa vile vibuyu viwili vya sebuleni. "Hivi navipenda, hata Dodoma hawana."

Tukafika mwisho wa koridoo.

"Na hiki?" Alisimama. "Mbona kitanda kidogo? Si mama yangu anakuja kukaa nasi mwezi wa nane? Baba Kulwa, si tulisema tano kwa sita?"

Baba akasema, "Tulisema tutaangalia."

Dada Petronila akafungua simu yake. "Lakini Sabina alisema umeagiza —" Kisha akaniona uso. Akaifunga.

Wote wakanitazama. Shangazi, Baba, Mama Kulwa, mpaka Mzee Leonardi aliyekuwa na brashi ya kumalizia ukingo wa mlango.

Nikasema: "Nilisema uongo. Baba hakusema. Dada Petronila hana kosa."

Sauti yangu ililiwa na pazia.

Shangazi akapiga makofi mara moja. "Yesu na Maria! Umejipa chumba? Mimi ni dada wa mwenye nyumba na sijajipa hata stoo!" Mzee Leonardi akacheka kidogo, akaacha.

Mama Kulwa hakugomba. Alisema taratibu tu, "Ungeniuliza mimi, Sabina." Ningeona nafuu kama angegomba.

Baba alikwenda kwenye rafu. Akakishika kibuyu, si chenyewe — mkanda. Akapitisha kidole pale kwenye mshono. Kisha akasema, "Tutaongea," akatoka nje kuangalia tangi la maji. Alilitazama muda mrefu. Halikuwa na tatizo lolote.

Jumapili, 6 Julai

Kesho kutwa shule inafunguliwa.

Leo Padre anabariki nyumba, saa saba, baada ya misa ya pili. Shangazi ameniamsha mapema. "Nenda katoe vitu vyako kabla Padre hajaingia. Usimwaibishe kaka yangu mara mbili." Nimekuja baada ya misa ya kwanza. Wenyewe walikuwa jikoni, nikapita kimya kimya, nikaacha ndala nje ya mlango wa chumba.

Vitabu saba viko kwenye begi. Shuka niliyoleta nimeikunja. Kibuyu cha Mama nimekifunga kwenye kanga. Kitakwenda Butiama, kwenye msumari wake. Nimekaa mezani mara moja tu. Nilitaka kuandika mara moja kwenye meza hii. Ina urefu unaofaa kabisa. Dada Petronila alinipima kiwiko.

Chumba bila vitu vyangu kimeinama upande wa kitanda. Ni kweli alichosema.

Kuna gari nje. Sauti nyingi —

Padre ameshafika! Namsikia anaeleza: ana kigango kingine mchana, ameona aanze huku. Wanaimba. Siwezi kutoka sasa, nitakutana nao wote koridoni na begi. Ngoja wakiingia chumba cha Baba nipite.

Hapana, wanakwenda haraka. Dotto anatangulia, namsikia anasukuma kila mlango kabla Padre hajafika. Padre anauliza kila mahali swali moja. "Hapa analala nani?" Mama Kulwa akajibu, "Sisi wenyewe, Padre." Maji, sala, amina. Mlango mwingine. "Hapa analala nani?" Mapacha wakapiga kelele, "Sisi! Mimi! Mimi!" Watu wakacheka. Ofisi. "Hapa halali mtu, Padre, labda baba yao akizidiwa na makaratasi." Amina.

Hatua zinakuja. Kitasa kimetikisika — Dotto.

Baba: "Dotto, acha. Usifungue."

Kimeachwa.

Padre anauliza. "Na hapa?"

Wimbo umekwisha. Hakuna anayejibu, hata Mama Kulwa. Naona vivuli vya viatu chini ya mlango. Naandika tu kwa sababu mkono haujui kitu kingine cha kufanya. Nimekitoa kibuyu kwenye kanga, kiko mapajani, sijui nimekitoa saa ngapi.

Mtu amegonga. Taratibu, kwa kidole kimoja.

"Hodi." Ni Baba.

Kwenye milango mingine yote hakubisha.

"Hodi, mama."

Hiyo ni ya pili.