Kuitika Kwenye Kona

Jumatatu, 4 Februari 1974

Mvua tena. Viatu havijakauka tangu Ijumaa. Chai ya rangi, muhogo wa jana, halafu toroli mpaka kwenye kona. Somo lile lile. Ubishi ule ule.

Niandike vizuri, maana mkuu wangu kule Kilosa ataniuliza. Hapa kwenye kona, mbele kidogo ya stesheni ya Munisagara, reli inapinda ikifuata Mto Mkondoa, kisha inapita kati ya kuta mbili za mwamba. Genge la wafanyakazi wa reli liko humo ndani, linabadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli. Wakiwa humo hawaoni treni ikija. Mlinzi anasimama upande wa pili wa kona na bendera zake. Yeye anaiona treni, lakini hawaoni watu. Basi tangu enzi za mkoloni wanaweka mtu wa kati, anayesimama pale penye kona akiwaona wote. Genge likitoka relini, anampungia mlinzi mkono. Kutwa nzima kazi yake ni hiyo, kupunga mkono! Na aliyewekwa pale ni Masanja, Msukuma, anayebeba taruma peke yake begani. Jamani, huo si uvivu uliopewa cheo?

Njia yangu: mlinzi akiona treni anaita kila mtu kwa jina. Mtu akishatoka relini anajibu, "Nipo nje!" Majina yote yakijibiwa, bendera ya kijani. Moja likikosa, nyekundu, treni isimame. Masanja arudi kwenye kazi ya maana. Mtoto wa darasa la pili angeshika.

Mwaka jana genge la jirani lilipoteza mtu. Ndiyo maana nimeletwa, asife mwingine. Sitaki mchezo na jambo hili.

Wanatoka relini vizuri, ila hawajibu. Wanafumba midomo kama wamejaza maji. Inaniudhi mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 5 Februari

Nimemfuata Mzee Stefano, mnyapara wao. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, yote. Halafu nikamuuliza waziwazi. Akasema huku mtu akiitwa na asiyemwona, haitiki. Anangoja auone uso. Hasa pale kwenye kona.

Nikauliza kwa nini. "Ukikiitikia, kinajifunza," akasema. Kinajifunza nini? Akavaa kofia yake akaenda zake.

Mzee wa kanisa huyu! Jumapili anasoma somo mbele ya watu. Nilicheka kwa sauti. Nehemia, mlinzi, akaangalia chini.

Kesho nawaambia: asiyeitika, naandika kwamba anapinga mafunzo. Tuone.

Alhamisi, 7 Februari

Wameitika!

Yona ndiye aliyeanza, kwa aibu, kama bibi harusi. Kisha Danieli. Masanja aliitika kwa furaha kabisa, yeye si wa huku na hana habari na mambo yao. Mzee Stefano wa mwisho, kwa sauti ya kunung'unika. Lakini ameitika. Nehemia anaimba kwaya, sauti yake inafika mlimani na kurudi. Tumerudia asubuhi nzima. Mataruma yamekwenda haraka kuliko siku zote, maana Masanja yumo kazini.

Nimefurahi. Nasema kweli, nimefurahi mno.

Jumatano, 13 Februari

Jambo la ajabu leo. Saa nne, kabla ya mapumziko, sikuwa nikitarajia treni, nikamwita Nehemia aje anywe maji. Wengine walikuwa bado wanapiga kokoto kwa mitaimbo. Akiwa amesimama pembeni yangu, kikombe mdomoni, tukasikia upande wa kona: "Danieli!"

Sauti ya Nehemia.

Danieli akaruka nje ya reli. "Nipo nje!" Kisha Yona, kisha Masanja, kisha Mzee. Wote wamesimama pembeni wanangoja treni. Hakuna treni. Nehemia ameshika kikombe, maji yanamwagikia shati.

Nimewaambia ni mwangwi. Kuta za mwamba, sauti za asubuhi zimezunguka. Wamerudi kwenye kokoto. Na mimi najua mwangwi haungoji mpaka saa nne.

Ijumaa, 15 Februari

Imeita tena, mara mbili. Mara zote wametoka, kwa sababu nimewafundisha kutoka. Kazi imerudi nyuma. Mzee Stefano hasemi nami isipokuwa salamu, na salamu nayo anaitikia kwa mkato.

Nimefikiria niwaambie wasiitike. Halafu? Siku treni itakapokuja kweli, je? Mtu aliyezoea kupuuza wito ni maiti. Nimeshikilia msimamo. Usingizi hakuna.

Jumatatu, 18 Februari

Danieli hakuja kazini. Mtoto wake ana surua, amempeleka hospitali Kilosa. Najiambia, kumbuka hilo, Fidelisi, ndiyo maana naandika.

Saa tano treni ya abiria ilipita. Nilikuwa ndani na genge. Kwa mazoea Nehemia aliita majina yote, na la Danieli pia. Watatu waliokuwepo wakatoka na kujibu. Kijani. Treni ikapita salama. Watoto dirishani wakatupungia.

Nehemia akaja mbio. Midomo imekuwa myeupe. Akauliza Danieli amerudi saa ngapi. Nikamwambia hajarudi. Akasema, "Mwalimu, Danieli ameniitikia."

Nikamwambia amechanganya, ni Yona. Yona akasema aliitika mara moja tu. Mzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa.

Jumanne, 19 Februari

Nehemia ameweka bendera miguuni pangu. Hataki tena kuita. Yuko tayari afukuzwe. Anasema pale ng'ambo ya kona anaposimama anahisi kuna mwenzake anayevuta pumzi pamoja naye kabla ya kila jina.

Mzee Stefano ameomba mtu wa kati arudi. Ameniomba vizuri, kama baba kwa mwanawe, mbele ya wote. Ningekubali hapo. Lakini mkuu anakuja mwisho wa mwezi kuona njia mpya, na nilishamwandikia kwamba inafanya kazi. Nikasema hapana. Kesho nitashika bendera mwenyewe, na Nehemia atachukua mtaimbo wa Danieli. Sauti yangu hawataikosea, nikasema.

Jumatano, 20 Februari

Masanja amekufa.

Mvua ilikuwa kubwa. Niliiona treni ya mizigo ikitoka upande wa Kidete. Nikaita. Yona: nipo nje. Nehemia: nipo nje. Stefano: nipo nje. Masanja: nipo nje. Sauti zao, moja moja. Ya Masanja na lafudhi yake ya Kisukuma. Aliongeza "Mwalimu" mwishoni kama alivyozoea.

Nikainua kijani.

Nilipozunguka kona, Yona alikuwa amekaa kwenye kokoto ameshika kichwa. Mzee Stefano alinijia. Akasema hawakunisikia nikiita. Mvua ilikuwa inapiga mwamba, hawakusikia kitu. Mzee aliisikia reli chini ya mguu, akamvuta Yona kwa shati, Nehemia akaruka. Masanja alikuwa mwisho kabisa, ameinama na taruma begani.

Hakuna hata mmoja aliyeitika.

Ijumaa, 22 Februari

Siwezi kula. Nikifumba macho nasikia "nipo nje, Mwalimu." Ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa na furaha.

Siku kumi na sita tangu niwalazimishe. Nimefundisha wanne, na aliyefuzu ni mwingine.

Jumapili, 24 Februari

Tumemzika hapa Munisagara, kwao ni mbali. Mkewe, Mama Kulwa, ana mapacha wa mwaka mmoja. Hakunilaumu. Alisema mumewe alikuwa akirudi nyumbani anajisifu: zamani alisimama tu kama sanamu, sasa Mwalimu amemfanya mfanyakazi. Angenipiga kofi ningepumua.

Nilikwenda kumshika mkono Mzee Stefano kaburini. Akanipokea. "Pole, mwanangu." Ndipo nikalia, mbele za watu, mtu mzima mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Uchunguzi umekwisha. Wamesema marehemu aliitika kabla ya kutoka relini. Uzembe wake mwenyewe. Njia haina kosa. Mkuu ananitaka niifundishe magenge yote mpaka Kimamba.

Nikamwambia Masanja hakuitika. Akauliza nani basi aliyeitika. Tulikuwa ofisini, chini ya feni, karani anapiga taipu. Nikasema tu sifundishi tena, na mtu wa kati arudishwe kila penye kona, hata kama genge litachelewa mwezi mzima. Amekasirika. Amesema vijana tuliosomeshwa na nchi tunarudi kwenye ushirikina. Amenipa likizo nipumzishe akili. Kuhusu mtu wa kati amekubali, kwa shingo upande, kwa genge la Munisagara peke yake. Yale mengine bado. Nitaandika tena, na nitaandika mpaka wachoke nami.

Mchana nilirudi Munisagara kuaga. Danieli amesimama penye kona anapunga mkono. Nehemia amerudi kwenye bendera, kimya. Genge wanafanya kazi bila neno. Nikakaa nao kidogo.

Ikaita.

Stefano. Danieli. Yona. Nehemia. Safari hii ilikuwa sauti yangu. Ukali wangu ule ule, hata kikohozi nilichopata kwa mvua hii. Hakuna aliyeinua kichwa. Mitaimbo ikaendelea. Kisha ikaita Masanja, na Masanja akaitika.

Yona alikuwa analia huku anapiga kokoto. Mzee Stefano alimtazama Danieli kule penye kona, Danieli akapunga mkono, na kazi ikaendelea. Nikangoja jina langu. Halikuitwa leo.

Jumapili, 17 Machi

Mikumi, kwa wakwe. Mvua imekatika. Baada ya kanisa nilikaa barazani nikitazama malori ya barabara kuu. Mama mkwe amepika kande, nimekula sahani nzima, mara ya kwanza.

Jioni nilimhitaji mke wangu. Alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo, namsikia akiimba. Mdomo ulifunguka kumwita. Nikaufunga. Nikainuka, nikazunguka nyumba yote, nikapita banda la kuku, nikasimama mbele yake mpaka akaniona.

Akacheka, akauliza kwa nini sikumwita tu. Nikampokea nguo.