Mawe ya Mto Ndani ya Tanuri

Mukunde, yale mawe yamelipuka. Yale ya mtoni niliyochagua mimi, yatunze joto kwenye tanuri la mkate nililomjengea Connie hapa Kicukiro.

Kumbe yalikuwa na maji ndani. Joto lilipozidi yakapasuka kama risasi. Connie ameungua mkono, ananiuliza tu, "Si ulisema mawe hayaharibiki?"

Nilisema. Mungu wangu, nilisema. Matofali ya kuhimili moto yalikuwepo, nikayakataa.

Na mteja wangu mwingine, Usumani wa Rebero, nilimwekea mawe hayohayo kwenye tanuri lake. Leo ndiyo anawasha. Napiga simu, hapokei.

Amepokea. Amezima tanuri. Ameniuliza, "Sasa nioke na nini?"

Connie ananinywesha maji kwa ule mkono mzima.