Siku Nasir Aliponinunia

Alhamisi, sikukuu pili ya Idi, 2008. Manyunyu tangu asubuhi, na ukumbi mzima unanukia udi.

Leo nina furaha isiyo na adabu, na humu ndani sina wa kumwambia, kwa hiyo naiandika hapa kwenye blogu. Kompyuta inanisomea ninachoandika kwa lafudhi ya Kizungu. Kiswahili changu kinatoka kama cha mtalii aliyepotea vichochoroni Mkunazini, lakini tunaelewana.

Kwa msionijua: mimi sioni. Nilipoteza macho nikiwa darasa la tano. Na ninacheza magemu ya kupigana, yale yale wanayocheza wenye macho, kwenye televisheni ya ukumbini. Walioyatengeneza hawakunifikiria hata kidogo. Menyu zake ni bubu, nimezikariri kwa vidole. Lakini kuna mtu, sijui wapi duniani, aliyekaa akawekea kila teke sauti yake na kila mpiganaji pumzi zake, halafu akazifanya sauti hizo zitembee kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Simjui mtu huyo, ila namwombea dua.

Nasir, mtoto wa ami yangu, anaishi Maskati. Yeye ndiye aliyeniletea mashine yenyewe, na kila sikukuu akija tunapigana. Kila sikukuu namshinda.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mimi huachiwa vitu vingi. Naachiwa kiti, naachiwa zamu dukani, naachiwa hata mabishano ambayo nimekosea waziwazi. Sasa nitajuaje kama Nasir naye haniachii?

Leo kanipiga.

Kanipiga pambano la kwanza, kanipiga la pili, kanipiga la tatu. Namsikia kulia, namrukia kulia, kumbe napiga hewa na yeye ananichapa mgongoni. Mwanzoni wageni waliokuja kutupa mkono wa Idi walikuwa wakipiga soga na kucheka. Mara wote wakanyamaza. Ukimya wa watu wanaokuonea huruma ninaujua vizuri, hauna hata mlio wa kikombe. Shangazi yetu, Bi Zuwena, akashindwa kuvumilia.

"Nasir, mwachie japo moja, baba. Leo sikukuu."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikawaza: kumbe miaka yote alikuwa akiambiwa hivi hivi, na leo tu ndiyo kasahau.

Nilitaka kuweka pedi ya gemu chini niende kusaidia kumimina kahawa. Lakini pambano jipya lilikuwa linaanza, na katika ule ukimya wao nikasikia jambo. Mpiganaji wangu siku zote huanzia kushoto. Leo pumzi zake zilikuwa zinatoka kulia.

Nikanyanyuka, nikaenda kuzipapasa spika. Ile yenye mkwaruzo ubavuni, ambayo ni ya kushoto, ilikuwa imekaa kulia kwa raha zake.

"Mama, nani kagusa spika?"

"Mie," akajibu kutoka jikoni. "Nlizitoa nkafuta vumbi. Kwani si zote sawasawa?"

Mnajua mji wetu unavyokuwa kabla ya Idi. Mazulia yanatolewa nje, mapazia yanabadilishwa, ukuta unapakwa chokaa, makochi yanahamishwa mpaka mtu anajigonga nyumbani kwake mwenyewe. Mama yangu hakuacha kitu hata kimoja bila kukifuta, na katika kufuta huko akanigeuzia kushoto kuwa kulia. Sikuweza hata kumkasirikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nikazirudisha spika mahali pake, nikachukua pedi. "Tena," nikamwambia Nasir.

Nikampiga. Wala sikumpiga kidogo. Nilimsikia akiruka, nikamsubiri pale atakapotua. Nilisikia vidole vyake vikibonyeza kwa hasira, nikasikia na pumzi zake mwenyewe, si za mpiganaji wake. Pambano la mwisho lilipokwisha aliibwaga pedi kwenye zulia. Akasema nimebahatisha. Kisha akalaumu spika, yeye mwenye macho mawili mazima! Bi Zuwena akamwita aje ale bokoboko, akasema hataki, akatoka nje na kofia yake.

Mimi nilibaki nimekaa pale pale, machozi yananitoka kwa furaha.

Mtu aliyekuachia hanuni.

Sasa hivi Nasir yuko barazani. Nimempitia na kumsalimia, kaitikia kwa shida, kama anayeng'olewa jino. Jumamosi anarudi Maskati, na Mama anataka nikamwombe radhi ili asiondoke na kinyongo siku hizi za Idi.

Sitakwenda. Aendelee kununa mpaka kwenye ndege akipenda. Alhamdulillahi, nina ndugu anayechukia kushindwa na mimi kama anavyochukia kushindwa na mtu mwengine yeyote.